Jinsi Mchwa Alivyoingia Mifupani mwa Wazee

Aliye na kikohozi akohoe sasa, na aliyekalia kanga ya mwenzake ainuke mapema, maana kisa hiki hakipendi kukatizwa. Ni kisa cha mfupa, na mfupa ukishakatika haurudi ulivyokuwa, hata mganga aufunge kwa ufundi wa namna gani.

Zamani hizo, kabla mgongo wa binadamu haujajifunza kupinda, mfupa wa mtu ulikuwa mgumu mpaka ndani, kama gogo la mpingo. Haukuwa na tundu wala uwazi. Watu walizeeka, ndiyo. Nywele ziliota mvi, meno yalihama moja moja kama wapangaji waliogombana na mwenye nyumba, masikio yakaanza kuchagua ya kusikia. Lakini mgongo ulibaki wima. Mkongwe alipanda mlima na mtungi kichwani, na siku yake ikifika alikufa amesimama, ikabidi watoto wamsukume kidogo ili alale. Wapo waliosukumwa kabla hawajafa, kwa pupa ya warithi, wakainuka na fimbo mkononi.

Watu hao waliishi katika milima ya Ugongoni, na salamu yao ilikuwa ya ngumi. Kijana akikutana na mzee hakuinama wala hakutoa mkono. Alikunja ngumi akamgonga katikati ya mabega, na mgongo ukajibu ko, sauti ya kinu kikavu. Mzee akasema, "Nimesimama." Kijana akaitikia, "Simama tena." Mambo yakaishia hapo, kila mtu akaenda shambani kwake. Na msichana alipotolewa ndani, baada ya kufundwa, aliwagonga wazee wote wa kijiji mbele ya watu, akianza na bibi mzaa mama yake. Baraka ilipita katika ngumi ile. Msichana ambaye bibi yake alikataa kugongwa alihesabiwa hana mtu wa kumsimamia, na posa zilipita mlangoni kwake bila kugeuza shingo.

Ila mtu hakuzaliwa na mfupa. Mtoto alitoka tumboni laini kama uji ulioanza kuganda, na mkunga alimpokea kwa ungo, si kwa mikono. Bibi ndiye aliyepanda Kilima Cheupe, kilima kilichojaa udongo laini wa rangi ya maziwa, akachota kiasi cha kujaza kiganja. Udongo ule ulichanganywa na maziwa ya mama, mtoto akalambishwa kidogo kidogo, na taratibu shingo ikakaza, mbavu zikajipanga, miguu ikaanza kupiga teke. Kiganja kimoja kwa kila mtoto. Kilima kilitoa vizazi kwa vizazi na hakikuonekana kupungua.

Katika kijiji kimoja cha huko aliishi mjane aliyeitwa Nakijwa, mwenye maneno mengi na mikono yenye akili. Hakuna aliyemshinda kukandika nyumba. Ukuta uliopita mikononi mwake, hata mjusi aliteleza. Watu siku zote walikandika kwa udongo mwekundu na samadi, wakaridhika, mpaka Jumbe Mkwizu alipooa mke mdogo akataka nyumba ya huyo mke ionekane toka bondeni. Akamwita Nakijwa, akamsifu sana, kisha akamwuliza kama upo udongo unaong'aa. Nakijwa angeweza kusema haupo. Lakini fundi akisifiwa kabla ya kazi, ulimi wake hutangulia kichwa. Akasema upo, na mkono wake ukaelekea Kilima Cheupe.

Nyumba ya mke mdogo ikang'aa kama jino la mtoto. Mke mkubwa akaacha kumpikia Jumbe, na Jumbe, ambaye tumbo lilikuwa ndilo baraza lake la washauri, akaamuru na nyumba yake ipakwe. Jirani wa mke mkubwa akauliza kama kwake ni kichakani. Basi kikawa kijiji kizima. Nyumba zikaisha, wakageukia ghala. Ghala zikaisha, wakageukia mazizi. Mwanamume mmoja, jina lake linafichwa kwa heshima ya wajukuu zake, alimpaka beberu wake. Beberu alijilamba akamaliza rangi yote, na pembe zake zikawa ngumu kiasi kwamba alivunja mlango wa mwenyewe, akaingia, akala godoro la majani.

Nakijwa ndiye aliyeongoza safu ya wanawake wenye vikapu. Aliwafundisha kuchimba, kuchuja, kusinga ukuta kwa kiganja mpaka uwe laini. Vikongwe wawili watatu walinong'ona kwamba kilima kile ni mfuko wa mifupa ya watoto, na mfuko una mwisho. Nakijwa aliwacheka. Kilima kizima hicho, akasema, nani atakimaliza kwa kikapu? Alisema hivyo akiwa na kikapu kichwani.

Kisha binti yake wa pekee, Mboni, akajifungua.

Alikuwa mtoto wa kike. Mkunga alimpokea kwa ungo kama ilivyo desturi, na Nakijwa akapanda kilimani akiimba, kiganja chake tayari. Alipofika, akitazama sasa kwa jicho la bibi, si la fundi, hakuona kilima. Aliona shimo, na ndani ya shimo kokoto nyekundu. Alichimba kwa jembe, kisha kwa kijiti, kisha kwa kucha. Alirudi jioni na kiganja kitupu.

Walikwangua kuta, bila shaka, nani asingekwangua? Lakini udongo ule ulikuwa umechanganywa na samadi na majivu, ukapigwa na jua, ukafa. Watoto waliolambishwa waliutapika. Kijiji kilikuwa na watoto wachanga kadhaa msimu huo, wote wamelala kwenye nyungo kama unga unaosubiri kupepetwa. Hawakuweza kuinua shingo. Mbavu zao zilibonyea kila walipovuta pumzi. Wa kwanza kufa alikuwa wa mke mdogo wa Jumbe. Hakuugua, alichoka tu kupumua. Walimtoa katika nyumba ile nyeupe inayoonekana toka bondeni, na wanaume waliokuwa bondeni waliiona maiti ndogo ikitoka.

Mboni hakumlaumu mama yake kwa kelele. Alikaa na ungo mapajani, akamnyonyesha mwanawe kwa kumdondoshea maziwa mdomoni, na siku moja akasema bila kuinua macho:

"Mama, nyumba yetu nyeupe. Mwanangu je?"

 Nakijwa, ambaye kwa kila neno alikuwa na maneno saba ya kujibia, alichukua jembe akarudi shimoni.

Ilikuwa saa ya jua kali, lakini chini kule hakukuwa na jua. Alitambaa mpaka mwisho wa shimo, akafukua, na jembe likazama mahali pepesi. Ukuta ukabomoka, akajikuta ana kwa ana na Mama Mchwa chumbani mwake. Alikuwa mnene kama ndizi mkono wa tembo, kichwa kidogo cha kuazima, hana kiuno wala habari ya kiuno, na watoto wake walimzunguka wakimlisha na kumpangusa. Alikuwa akizaa wakati ule ule, na hakuacha kuzaa kwa sababu ya mgeni.

"Umekuja kutafuta kilichoko ukutani kwako," akasema.

Nakijwa akamwomba radhi kwa kubomoa, akamweleza habari ya ungo. Mama Mchwa alisikiliza kama mzazi anavyomsikiliza mzazi. Kisha akasema udongo haujapotea duniani. Umo ndani ya kila mtu aliyewahi kulambishwa. Umo ndani ya Nakijwa mwenyewe, tangu utoto wake, tena mwingi. Watoto wa mchwa wangeweza kuufuata humo, punje kwa punje, na kumpelekea mjukuu.

"Mtanivunja?" Nakijwa akauliza.

"Sisi hatuvunji. Sisi tunakula ndani, nje tunapaacha. Hujapata kuona nguzo tuliyoishi? Imesimama vizuri, imepakwa rangi yake, mtu anaiegemea akipiga soga."

"Nitaumia?"

"Hutasikia kitu. Ndiyo sifa ya kazi yetu, na ndio ubaya wake."

Nakijwa aliogopa Mboni naye asije akachukuliwa, kwa hiyo akauliza kama binti yake ataguswa. Mama Mchwa akamwambia kwamba Mboni bado anatembelewa na mwezi kila unapoandama, na watoto wake hawapendi kupita penye nuru. Lakini wewe, akasema, mwezi ulikwisha kuacha kuja kwako; mlango wako hauna mlinzi. Kisha akaongeza jambo moja, kwa sauti ya mtu asiyetaka kulaumiwa baadaye. Mchwa akishaonyeshwa njia ya kuingia nyumbani, haisahau. Wataanza kwa Nakijwa, watakuja kwa wenzake, watamfikia Mboni mwezi ukimwacha, na huyo mtoto wa kwenye ungo naye, zamu yake ikifika.

Yeyote kati yetu angesema nipe siku nifikiri. Lakini Nakijwa alikuwa na mtoto anayebonyea mbavu nyumbani, na aliye na mtoto wa namna hiyo haoni mbali kuliko ungo. Akalala juu ya kokoto, akafumba macho, akasema, "Ingieni."

Ni kweli hakusikia kitu. Alisikia tu kama mtu anayekuna ukuta wa nyumba ya tatu.

Kila alfajiri punje nyeupe zilikutwa kwenye ungo, mtoto akalambishwa, akaanza kukaza. Kwanza shingo, halafu mbavu, halafu akapiga teke ungo ukaruka, na bibi yake akacheka mpaka akalia. Wakamwita Namkunda. Wanawake wengine walipoona mtoto ana shingo walimbana Nakijwa awaambie, naye hakuwaficha. Bibi wote wa kijiji wakapanda shimoni wakalala safu moja, kama muhogo uliotandazwa kukaushwa, wakaitana majina, wakataniana ni nani atakayewashibisha mchwa na nani atakayewatia njaa. Jumbe Mkwizu naye alifika. Akasema yeye pia atatoa, lakini kwa adabu kinamama watangulie, na alikaa nyuma kabisa karibu na mahali pa kutokea. Mchwa waliwakuta wanaume baadaye sana, na wakala polepole zaidi, kwa sababu ndivyo walivyojipanga.

Jambo moja bibi wale walikubaliana: watoto wasiambiwe. Mtoto akijua anachokula, walisema, hushiba haraka.

Basi Namkunda akakua. Akakua kweli. Akitwanga, kinu kilihama. Akibeba mtungi, alibeba na wa mwenzake, akateremka mlima akikimbia, maji hayamwagiki. Bibi yake alimpenda mapenzi ya kupita kiasi na alimtania asubuhi na jioni, kwa kuwa utani ndiyo haki ya bibi na mjukuu. Alimwita mke mwenzangu, kwa ajili ya marehemu babu, na kumshutumu kwamba ndiye aliyemmaliza marehemu kwa mapishi mabaya. Namkunda naye alimjibu kwamba marehemu alikufa ili apumzike na maneno ya mke mkubwa.

Miaka hiyo hiyo, Nakijwa alianza kugombana na nyumba yake. Dari ya kukaushia mahindi, aliyoifikia siku zote kwa mkono, sasa aliigusa kwa shida kwa ncha za vidole. Akamtuhumu mkwewe kwamba ameipandisha juu ili amnyime mahindi. Mkwewe akaapa kwa mizimu yote. Kanga zake nazo zilianza kuburuzika chini, akasema wafumaji siku hizi hawajui urefu wa mtu. Kisha mgongo ukaota nundu ndogo, akasema ni upepo wa baridi. Siku moja alipiga chafya akikoroga uji, na ubavu mmoja ukalia ndani yake kama kijiti kikavu. Alikaa kitako jikoni mpaka uji ukaungua.

Hapo alijua. Mama Mchwa alikuwa amemwambia hatasikia, na hakusikia. Alichokisikia ni kile ambacho hakikuwepo tena.

Vijana waliendelea kumgonga njiani kama kawaida. Mgongo wake ulikuwa haujibu ko. Ulijibu kwa sauti ya kibuyu kilichomwagwa pombe. Wakacheka sana.

"Bibi Nakijwa, leo umesahau kujijaza."

"Nimewaachia wenye njaa," naye akawajibu, akacheka nao, akaenda zake akishika ukuta. Ulikuwa ni ukuta wake mweupe, uliokuwa sasa na mistari ya mvua.

Ikafika siku ya Namkunda kutolewa ndani. Watu walijaa uwanjani, ngoma zikapashwa moto, na Jumbe Mkwizu akaletwa kwenye kigoda chake. Asubuhi ile Mboni alimfuata mama yake chumbani na kufunga mlango. Alimwomba asitoke. Aseme anaumwa, aseme lolote. Mboni alikuwa amemwogesha mama yake jana yake, akapitisha mkono mgongoni, akakuta mfupa unabonyea chini ya vidole.

"Nikikataa kugongwa, mtoto atasimamiwa na nani?" Nakijwa akauliza.

"Basi tumwambie ukweli. Akijua hatakugonga."

"Akijua hatakula tena akashiba, Mboni. Kila akipiga hatua ataniona mimi chini ya unyayo wake." Akajifunga kanga, akaikaza mara mbili kuzunguka mbavu. "Mimi ndiye niliyeonyesha mkono kilima. Niache nionyeshe na mgongo."

Akatoka akasimama katikati ya uwanja, wima kadiri alivyoweza, na kadiri hiyo haikuwa kubwa. Namkunda alikuja amepakwa mafuta, shanga zimemjaa shingoni, anang'aa kwa afya. Alikunja ngumi. Ngoma zikanyamaza. Nakijwa akageuza kichwa kidogo, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Gonga kidogo, mke mwenzangu."

Namkunda akatabasamu. Tangu apate akili hajawahi kusikia neno la kweli toka kinywani mwa bibi yake mbele za watu. Kila siku ni utani. Akadhani leo ni siku ya utani kuliko zote, na kwamba bibi anamchokoza ili aonyeshe nguvu zake mbele ya wakwe watarajiwa. Naye akaonyesha. Alimgonga kwa mkono wote, kwa mfupa wote aliokuwa nao.

Haikusikika ko. Ilisikika kama mtu aliyekanyaga chungu kilichowekwa uani.

Nakijwa hakupiga kelele. Alianza kusema neno lake, akasema "Nime," akaanguka ubavu, na nyonga ikavunjika pale alipogusa ardhi.  Watu walitazama ngumi ya yule msichana, ambayo bado ilikuwa imekunjwa hewani, kana kwamba alikuwa ameshika kitu na hajui akiweke wapi.

Waliinua yale yaliyoinulika. Waganga watatu walimfunga kwa mianzi na magome, lakini mfupa uliobaki haukuwa na cha kushikana nacho. Uwanjani kule wazee wengine walikataa kugongwa siku hiyo. Kila mmoja akarudi kinyumenyume mpaka akaegemea ukuta. Hapo ndipo vijana walipoona nundu zilizokuwa zimewazunguka miaka yote, na vicheko vyao vya njiani vikawarudia.

Mboni alimwambia mwanawe kila kitu, jioni ile ile. Namkunda hakulia. Alikwenda shimoni, akatambaa mpaka mwisho, akamwambia Mama Mchwa arudishe. Aichukue miguu yake, aichukue mikono, ampelekee bibi yake mgongo. Mama Mchwa alikuwa bado anazaa.

"Hatujui njia ya kurudi, mwanangu," akasema. "Tunateremka tu. Kutoka kwako tutakwenda kwa utakayemzaa. Juu hatupandi."

Namkunda akamwuliza basi kama kuna kinachowachelewesha. Kwa hilo Mama Mchwa hakuwa na siri, maana hakuwa na chuki. Watoto wake, akasema, hawapendi jua. Hawapendi nyumba inayotikiswa kutwa kwa kutembea na kufanya kazi. Na penye maziwa mengi hukawia, kwa kuwa njia inateleza. Wanachelewa. Hawaachi.

Tangu hapo kila asubuhi Namkunda alimbeba bibi yake mgongoni kwa mbeleko na kumpeleka mkekani penye jua. Hakuhisi uzito. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote: alikuwa akiinua mitungi miwili bila kuhema, na mtu mzima mzazi wa mama yake alikuwa mwepesi kuliko mmoja. Nakijwa hakuacha utani. Alisema mke mwenzake amepata kisingizio cha kuahirisha harusi. Akasema marehemu akimwona amepinda namna hii atadhani ameinama kutafuta kosa lake. Lakini siku moja, jua likiwa zuri, alimshika Namkunda mkono, akaubonyeza kwa vidole kuanzia kifundo mpaka kwenye kiwiko, taratibu, kama fundi anavyokagua ukuta.

"Umekauka vizuri," akasema. "Hii ndiyo kazi yangu niliyoimaliza."

Alikufa mvua za kwanza zilipoanza, amelala. Alikuwa mtu mzima wa kwanza wa Ugongoni kufa amelala, hapakuwa na wa kumsukuma. Wanaume wanne walishika jeneza la miti, wakaliinua kwa nguvu walizozoea, likaruka mpaka juu ya vichwa vyao. Wakatazamana, wakalishusha, wakafunua mkeka kuhakikisha kwamba wamepewa mtu. Jumbe Mkwizu alitembea nyuma ya jeneza, na safari hii hakukaa nyuma kwa hila. Ndivyo miguu yake ilivyokuwa imeanza kumruhusu.

Siku zile za matanga zilipokwisha, Namkunda alikuwa akiteremka njia ya mtoni alipokutana na bibi mmoja anayepandisha na mzigo wa kuni kichwani, shingo imezama mabegani. Ilimpasa amgonge, ndiyo salamu aliyojua. Bibi yule naye alisimama, akafumba macho, akajikaza kungoja ngumi. Namkunda alimtazama anavyojikaza. Akanyoosha mikono miwili, viganja wazi, akaupokea ule mzigo.

Bibi akafumbua macho akadhani anaibiwa. Alimfuata akimtukana njia nzima, mtoto wa nani huyu asiye na haya, anapora kuni za mkongwe mchana kweupe, mpaka Namkunda alipozitua kuni zile mlangoni kwake, zote, na kamba yake. Bibi akabaki mlangoni. Alitafuta neno la kujibu salamu ya aina hiyo na hakulipata, kwa kuwa lilikuwa halijatungwa.

Na tangu siku hiyo, mfupa wa binadamu una matundu ndani yake, na kadiri umri unavyokwenda, matundu huzidi. Mtoto bado huzaliwa laini, na asipopata jua na maziwa, miguu yake hupinda kama kamba. Mama mjamzito hutamani udongo, akautafuna kwa siri, akikumbuka kilima ambacho hajakiona na ambacho hakiwezi tena kumsaidia. Mchwa huingia kwa wanawake mwezi ukishawaacha, na kwa wanaume baadaye, wakiwa wameketi nyuma wanafikiri wamesahauliwa. Hawaumi. Hawapigi hodi. Mtu husimama vizuri na rangi yake na maneno yake mpaka siku anapopiga chafya, au anapoteleza hatua moja mlangoni, ndipo hujua kwamba wamekuwemo siku nyingi. Ndiyo sababu wazee hutolewa nje asubuhi waote jua, na bibi anayependa kutembea huachwa atembee hata akichelewa chakula.

Na ndiyo sababu ngumi iliondoka katika salamu. Ukimkuta mzee njiani, hupiti naye akiwa na mzigo, unaupokea. Atabisha. Atasema ni mwepesi, atasema bado ana nguvu, na wengine watakutukana kidogo. Wewe upokee tu. Mzigo wake mwingine, ule mzito, alikwisha kukupa zamani, nawe ndio uliosimama nao hapo njiani.